Darubini mbili za toleo moja katika duka la mtumba, Ngamiani

Katika duka moja la vifaa vya picha lililoko Ngamiani, Tanga, zilikuwa zikiuzwa darubini mbili za jicho moja, za kampuni moja na za toleo moja, zote zikiwa na lenzi ya mbele ya milimita 80 na lenzi ya jicho inayokuza kuanzia mara 20 hadi mara 60. Ya kwanza ilibandikwa karatasi iliyosema kuwa ni ya maonyesho, yaani ilitumika kuwaonyesha wateja tu na haikuwahi kumilikiwa na mtu, na bei yake ilikuwa shilingi milioni moja na laki nane. Ya pili ilikuwa mtumba wa kawaida: rangi ya bomba imechubuka, mfuniko wa mbele haupo, bei milioni moja na laki moja. Nimenunua ya pili, na hata bei zingekuwa sawa ningechukua hiyo hiyo. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu kasoro niliyoikuta ni ya chombo kimoja wala si ya toleo zima, na msomaji akishapewa jina huondoka na jina akaiacha kasoro.

Ndani ya bomba la darubini ya aina hii mna lenzi kadhaa na prizimu, na kila kimoja hutakiwa kukaa kwenye mhimili mmoja na vingine, kwa usahihi wa sehemu ndogo sana ya milimita. Hakuna kiwanda kinachotoa vyombo viwili vilivyo sawa kabisa, na baada ya kiwandani kuna meli, malori, rafu za maduka na mikono ya watu. Darubini ya macho mawili inayokuza mara 8 husamehe mengi, lakini ukifika mara 60 kasoro nayo hukuzwa pamoja na ndege unayemtazama. Majina yanayoheshimiwa na watazamaji wa ndege, kama Swarovski, Zeiss, Leica na Kowa, yanatueleza jinsi viwanda hivyo vinavyofanya kazi kwa kawaida; hayawezi kutueleza yaliyokipata kipande kilichoko mikononi mwetu. Neno "maonyesho" ndilo linalotueleza machache kuliko yote. Chombo cha maonyesho hupita katika mikono ya watu wasio na uchungu nacho, hufungwa na kufunguliwa kwenye stendi kila mara, na kikianguka hakuna anayejitokeza kusema.

Sifa kubwa ya duka hili ni kwamba mwenye duka, mzee mpole asiyependa kubishana, hukubali chombo kitolewe nje. Alianza kwa kuniambia, "Mwanangu, hii ya maonyesho haijapigwa na upepo wa bahari, ile nyingine imetembea sana." Nilimjibu, "Mzee, naomba nizitazame zote mbili nje asubuhi, kisha tuzungumze bei." Akakubali kwa sharti kwamba kijana wake afuatane nami, na kijana huyo alinisaidia zaidi ya nilivyotarajia. Muuzaji anayekuambia utazame kupitia mlango wa duka tu, au kupitia kioo cha dirisha, amekunyima nafasi ya kujua unachonunua, kwa kuwa kioo cha dirisha peke yake kinatosha kuharibu taswira ya darubini nzuri kuliko zote.

Wakati wa kupima una uzito kuliko watu wanavyodhani. Nimewaona watu kwenye bustani ya Jamhuri saa saba mchana wakielekeza darubini upande wa Kisiwa cha Toten, wakaona miti inacheza, wakahukumu kwamba chombo ni kibovu. Kinachocheza pale ni hewa iliyopashwa joto juu ya maji na juu ya lami, na hakuna lenzi inayoweza kuituliza. Pima mapema, kabla jua halijapanda sana, na pima kwa umbali mfupi, mita 25 hadi 30, juu ya majani au udongo wenye kivuli. Kama duka lina kiyoyozi, acha darubini ikae nje kwanza hadi ilingane na joto la nje. Katika unyevu wa pwani yetu kioo kilichopoa hufunikwa na mvuke mara tu kinapotoka nje, na mvuke ulio juu ya kioo hupotea wenyewe wala si kasoro. Ukionekana ndani, nyuma ya lenzi ya mbele au kati ya prizimu, hapo ujue oringi, yaani pete za mpira zinazozuia maji na hewa, zimechoka na naitrojeni iliyojazwa kiwandani imekwisha kutoka; usiendelee na mazungumzo.

Kipimo kinachosema kweli zaidi ya vyote kinahitaji gololi moja ya beringi ya baiskeli, na katika mji wenye baiskeli nyingi kama Tanga hakuna fundi atakayekunyima gololi. Iliyong'aa, yenye kipenyo cha milimita 6, ibandike kwenye kitambaa cheusi kwa kipande cha mshumaa uliolainishwa, uiweke juani mita 25 kutoka ulipo, jua likiwa nyuma yako au ubavuni. Gololi itaakisi jua kama nukta ya mwanga yenye upana wa takriban milimita 0.014, na kwa umbali huo hiyo ni ndogo mno kwa lenzi ya milimita 80 kuuona upana wake. Kwa maneno mengine, umejitengenezea nyota mchana. Elekeza darubini hapo, weka mara 60, tafuta fokasi, yaani mahali taswira inapokuwa kali kabisa, kisha zungusha kirekebishi kidogo upande mmoja hadi nukta ifunguke iwe pete za mwanga, halafu rudi katikati na upite upande wa pili.

Katika chombo kizuri pete hizo ni za mviringo, zimezungukana kwenye kitovu kimoja, na sura yake haitofautiani sana kabla ya fokasi na baada yake. Darubini niliyoinunua ilinionyesha hivyo, isipokuwa pete ya nje ilikuwa nene kidogo upande mmoja wa fokasi, jambo ambalo nimelizoea kwenye darubini za aina hii na ambalo silihesabu kuwa sababu ya kukataa. Ile ya maonyesho ilinionyesha kitu kingine kabisa. Pete zilikuwa zimesukumwa upande mmoja, zimebanana chini kulia na kutawanyika juu kushoto, na nilipoirudisha kwenye fokasi nukta haikukaa kuwa nukta. Ilibaki na mkia mfupi wa mwanga uliolala upande ule ule. Niliizungusha darubini yenyewe kwenye kola yake, ile pete inayoishikilia kwenye stendi, na mkia ukazunguka pamoja nayo. Lenzi au prizimu ilikuwa imetoka kwenye mhimili, na kwa kawaida hilo hutokana na kuanguka au kugongwa. Juu ya bomba hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Zipo sura nyingine za kujifunza kuzitambua. Nukta ikivutika kuwa yai lililosimama upande mmoja wa fokasi na yai lililolala upande wa pili, darubini haina fokasi moja: mistari ya wima na ya mlalo hukutana sehemu mbili tofauti, na hutapata ukali kamili popote. Lakini kabla ya kuilaumu, geuza kichwa chako ukiwa bado unatazama. Yai likigeuka pamoja na kichwa, kasoro ni ya jicho lako. Kwa mara 60 jambo hili halisumbui sana, kwa sababu mwanga unaotoka kwenye lenzi ya milimita 80 huingia katika jicho kwa duara la milimita 1.3 tu na hutumia kitovu cha jicho peke yake. Kwa mara 20 duara hilo ni milimita 4, na macho mabaya huonekana wazi. Pete zikiwa na umbo la pembetatu, huenda lenzi ya mbele imebanwa kupita kiasi na pete inayoishika. Hilo fundi hodari anaweza kulirekebisha, ila mimi simjui fundi wa kazi hiyo katika mkoa wetu, na kuituma darubini ng'ambo kutakula tofauti yote ya bei.

Kwa asiye na gololi, noti ya shilingi elfu kumi inatosha kwa sehemu. Ibandike ukutani penye mwanga, mita 30, utazame mistari myembamba iliyochapwa katika urembo wake. Kwa kanuni za mwanga, lenzi ya milimita 80 isiyo na kasoro inaweza kutenganisha mistari iliyoachana kwa takriban sehemu moja ya tano ya milimita kwa umbali huo. Usijipe kazi ya kuhesabu mistari. Angalia unavyoipata fokasi. Darubini nzuri ikifika mahali pake unajua mara moja, na ukipitiliza kidogo tu unajua pia. Darubini mbaya humfanya mtu azungushe mbele, arudi nyuma, asogee tena, na mwisho akubali sehemu ambayo si mbaya sana. Ile ya maonyesho ilinichezesha hivyo tangu mara 40 kwenda juu; chini ya mara 30 nilikiri mbele ya kijana wa duka kwamba sikuona tofauti yoyote kati yake na mwenzake, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanaponaswa, maana dukani kila mtu hutazama kwa mara 20.

Kuna kipimo kingine ambacho ni cha haraka na kinachofichua maandishi ya uongo kwenye vyombo vya bei rahisi visivyo na jina. Weka mara 20, elekeza darubini kwenye mbingu nyeupe mbali kabisa na jua, rudisha kichwa nyuma kiasi cha kuona duara dogo la mwanga juu ya lenzi ya jicho, kisha ulipime kwa rula. Milimita 80 ukigawanya kwa 20 unapaswa kupata milimita 4. Ukikuta 3, ama ukuzaji si ule ulioandikwa, ama ndani ya bomba kuna kizuizi kinachoifanya lenzi yako kubwa ifanye kazi ya lenzi ya milimita 60, nawe umelipia kioo cha urembo. Zote mbili za dukani zilifaulu hapa.

Kuhusu rangi, nilizipeleka zote mbili Raskazone maji yalipokuwa yametoka, kwa sababu yangeyange aliyesimama juani ndiye hakimu mkali kuliko mabango yote. Kwenye ukingo wa manyoya meupe, darubini isiyodhibiti rangi huchora upindo wa zambarau upande mmoja na wa kijani upande wa pili, na kadiri unavyoongeza ukuzaji ndivyo upindo unavyopanuka. Toleo hili lina kioo chenye mtawanyiko mdogo wa rangi, kile ambacho makampuni hukiandika kwa herufi ED, na hadi mara 45 upindo ulikuwa mwembamba mno kuweza kunikera. Kufika mara 60 ulionekana, katika zote mbili, na hapo si kosa la chombo. Ndipo uwezo wa toleo hilo unapoishia, na anayetaka zaidi atalipa fedha za floriti, lenzi ya fuwele inayodhibiti rangi vizuri zaidi. Herufi HD zilizoandikwa kwenye vyombo vingine hazina maana moja inayokubalika kwa wote, kwa hiyo mtu asizilipie kabla ya kumtazama yangeyange wake. Jicho nalo liwekwe katikati kabisa ya lenzi, kwa kuwa likihama kando kidogo rangi hujitokeza hata katika darubini bora. Mabuabua na vitwitwi waliokuwa karibu naye hawakusaidia kitu katika jambo hili, wengi wao ni wa kijivu.

Mpaka hapa ile ya mtumba ilikuwa inaongoza, lakini kwa pwani hii kuna adui mmoja ambaye peke yake angeweza kunifanya niondoke mikono mitupu, naye ni kuvu. Unyevu, joto na begi lililofungwa ndivyo anavyovipenda, na darubini iliyokaa kabatini tangu masika hadi vuli bila kufunguliwa ina hatari kuliko ile iliyotembezwa juani kila wiki. Kwa hiyo maneno ya mzee kwamba chombo kile kimetembea sana mimi niliyapokea kama sifa. Washa tochi ya simu, iingize kwa pembeni kwenye lenzi ya mbele, nawe utazame ndani kwa mshazari, kisha ugeuze upande wa lenzi ya jicho. Kwanza utashtuka, kwa sababu tochi huonyesha vumbi katika chombo chochote, hata kipya, na punje chache za vumbi hazipunguzi kitu kinachoonekana kwa jicho. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zenye matawi, kama utando wa buibui uliobandikwa kwenye kioo, ambazo mara nyingi huanzia ukingoni na kuelekea katikati. Kuvu akikaa muda mrefu huila mipako ya lenzi, na hata akisafishwa huacha alama yake pale pale.

Unatafuta pia weupe hafifu uliotandaa sawasawa juu ya kioo cha ndani, ambao ni rahisi kuupuuza kwa kuwa hauna umbo. Huo ni mbaya kuliko mkwaruzo. Mkwaruzo mmoja mrefu kwenye lenzi ya mbele humtisha mnunuzi na hushusha bei, lakini huziba sehemu ndogo sana ya mwanga na taswira haibadiliki. Weupe huo hutawanya mwanga wote unaopita na kuifanya taswira ipauke, hasa unapotazama kitu cheusi chini ya anga angavu. Mzee aliniambia kwamba miongoni mwa wateja wake wako watu wa misikitini wanaotafuta chombo cha kuangalia mwezi mwandamo, na kwao jambo hili ni kubwa kuliko ukuzaji: hilali ni mstari hafifu kwenye anga ambayo bado ina mwanga wa magharibi, na lenzi yenye weupe itaumeza. Kipimo chao ni kuelekeza darubini kwenye tawi jeusi lenye anga angavu nyuma yake na kuona kama tawi linabaki jeusi. Kwa jua lenyewe hakuna kipimo. Darubini isielekezwe magharibi kabla halijazama lote, kwa kuwa kulitazama jua kwa chombo hiki hata mara moja huharibu jicho moja kwa moja.

Katika darubini niliyoinunua nilikuta vumbi, alama ndogo za kusafishwa vibaya kwenye mipako ya lenzi ya mbele, na hakuna uzi hata mmoja wa kuvu. Alama hizo nina hakika zimetokana na pindo la shati, kwa sababu kijana wa duka alitaka kunifanyia vivyo hivyo mbele ya macho yangu nikamzuia: punje za mchanga wa pwani zikisuguliwa juu ya mipako hufanya kazi ya msasa, na zinapaswa kupulizwa na kufagiliwa kwa brashi laini kabla kitambaa chochote hakijagusa kioo. Duka linalouza lenzi na halina brashi ya lenzi linapoteza thamani ya mali yake kila asubuhi.

Sehemu za kuzungushwa hazina mengi. Kirekebishi cha fokasi cha hii yangu ni kizito na kina mkwaruzo wa chumvi katika robo ya mwisho ya mzunguko, jambo lililonipa nafasi ya kuomba punguzo nikalipata, laki moja. Pete ya kukuza inazunguka vizuri na kitu kilicho katikati kwa mara 20 kinabaki katikati kwa mara 60, kama inavyotakiwa. Lenzi ya jicho katika toleo hili hutoka, kwa hiyo nilibadilishana lenzi za macho za darubini hizo mbili ili kuhakikisha kasoro iko wapi, na ule mkia wa mwanga ulibaki kwenye bomba lile lile la maonyesho. Mwenye nafasi ya kufanya hivyo asiikose, kwa maana lenzi ya jicho hununuliwa nyingine, bomba halinunuliki.

Kwa upande wa huduma, mzee nilipomwonyesha pete zilizosukumwa upande alitazama kwa muda mrefu, akaiondoa ile karatasi ya maonyesho akaahidi kushusha bei, na sijui kama ameshusha. Kwa mtu anayetaka kutazama meli bandarini kwa mara 20 au 25 tu chombo kile bado kitamfaa, ikiwa bei itaanguka chini ya ile ya mtumba. Kwenye risiti yangu aliandika kwa mkono kwamba ana siku saba za kukipokea chombo kikionyesha mvuke wa ndani, jambo ambalo maduka mengi ya mtumba hayakubali hata kulisikia. Stendi ya miguu mitatu aliyotaka kuniuzia pamoja nayo niliiacha: ni ya kamera ndogo, ikiguswa na upepo wa kusi taswira inatikisika kuanzia mara 30, na kwa laki moja na nusu anayoitaka mtu anaweza kuongeza kidogo akapata nzito yenye kichwa cha kuzunguka taratibu. Mfuniko wa mbele nilitengenezewa na fundi viatu wa jirani kwa kipande cha ngozi, naye akanipa bure vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ambavyo sasa vimo ndani ya begi pamoja na darubini.